Radhi Nyepesi

Msomaji, ni desturi yetu Mombasa: aendaye Hija huzunguka kwa jamaa na majirani akiomba radhi, "Nisamehe kwa nilijualo na nisilolijua." Maneno mazuri, ila mepesi mno, kwani lile alijualo ni nani alitajaye?

Langu nalitaja hapa. Jaa la Kibarani lilipokuwa likifuka moshi kando ya barabara ya Makupa, nilimwona mjomba wangu, aliyenilipia karo, akiokota vyuma. Akaniinulia mkono. Mwenzangu garini akauliza, "Wamjua?" Nikasema, "Simjui."

Jaa lilifungwa mwaka 2018, pakapandwa miti. Mjomba alikuwa keshafariki. Masheikh hufundisha kuwa haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe. Mwaka huu nimezunguka nyumba zote. Kwa mjane wake nilikunywa kahawa, nikatamka yale mepesi, nikaondoka.