Ukanushi, Wastani na Fomu ya Mchezaji: Uchambuzi wa Hoja za Mashabiki wa Kriketi

Ikisiri

Makala haya yanachambua namna mashabiki wa kriketi wanavyojenga hoja kuhusu fomu ya mchezaji na uteuzi wa timu. Tunadai kwamba sehemu kubwa ya ubishi huo haitokani na upungufu wa takwimu, bali na utata uliomo katika kauli zinazotumika kuzifasiri. Kwa kutumia mifano ya Kiswahili, tutaonyesha kuwa umbo kanushi *hapigi* huunganisha madai mawili ambayo katika uyakinishi hutenganishwa, na kwamba takwimu zenyewe haziwezi kuuondoa utata huo pasi na msemaji kubainisha anachokikana.

1.0 Utangulizi

Kriketi ni mchezo wa kumbukumbu. Kila mpira unaorushwa huandikwa, pamoja na mikimbio iliyopatikana na namna mpigaji alivyotolewa. Kwa hiyo, shabiki anayetaka mchezaji fulani aachwe hasemi tu kwamba hampendi, huleta hesabu. Anayemtetea mchezaji huyohuyo naye huleta hesabu, mara nyingi zilezile. Yafaa kujiuliza: inawezekanaje watu wawili wenye takwimu moja wafikie hitimisho mbili zinazopingana?

Swali hili si la kimchezo tu. Mteuzi anapolijibu vibaya, mchezaji hupoteza nafasi yake, na pengine riziki yake. Zaidi ya hayo, hoja za namna hii ndizo tunazozitumia tunapomhukumu mwanafunzi kwa mtihani mmoja au mkulima kwa msimu mmoja. Sentensi zilizotumiwa hapa kama mifano tumezitunga wenyewe kwa madhumuni ya uchambuzi.

2.0 Umbo moja, madai mawili

Tuanze na sentensi zifuatazo:

(1) a. Mchezaji huyu hupiga vizuri.
 b. Mchezaji huyu anapiga vizuri siku hizi.

Katika (1a) kiambishi *hu-* kinaeleza mazoea: hiyo ndiyo tabia ya mchezaji, hata kama jana alitolewa bila mkimbio. Katika (1b) *-na-*, kikisaidiwa na kielezi, kinaeleza hali ya kipindi hiki. Ni kweli kwamba *-na-* huweza pia kubeba maana ya mazoea, lakini msemaji anayetaka kueleza mazoea bila shaka yoyote anayo *hu-* mkononi. Tofauti hii ndiyo tofauti baina ya kiwango na fomu. Mashabiki wanaosema Kiingereza wana msemo mashuhuri unaodai kuwa fomu hupita ilhali kiwango hudumu. Kiswahili kina njia ya kulisema jambo hilo kwa viambishi tu.

Sasa tuzikanushe sentensi hizo:

(2) Mchezaji huyu hapigi vizuri.

Katika Kiswahili sanifu, *hu-* haina umbo lake la ukanushi. *Hupiga* na *anapiga* hukutana katika *hapigi*. Kwa sababu hiyo, sentensi (2) yaweza kuwa na maana kwamba mchezaji hana kiwango, au kwamba ana kiwango ila kwa sasa mambo hayamwendei vizuri. Madai ya kwanza ni sababu ya kumwacha; ya pili yaweza kuwa sababu ya kumsubiri. Mbishi mmoja hutamka (2) kwa maana ya pili, mwenzake akaisikia kwa maana ya kwanza, na ubishi ukaanza. Lugha inazo njia za kuondoa utata huu, kama vile *huwa hapigi* kwa mazoea na *kwa sasa hapigi* kwa kipindi, lakini katika joto la mabishano njia hizo husahauliwa.

3.0 Wastani unajibu swali lipi?

Wastani wa mpigaji hupatikana kwa kugawa mikimbio yake yote kwa idadi ya mara alizotolewa, si kwa idadi ya zamu alizocheza. Mfano mashuhuri ni Don Bradman wa Australia, aliyepata mikimbio 6,996 katika zamu 80 za mechi za Test. Kwa kuwa zamu 10 kati ya hizo zilikwisha kabla hajatolewa, kigawanyo ni 70, na wastani ni 99.94. Katika zamu yake ya mwisho, uwanjani The Oval mwaka 1948, alihitaji mikimbio 4 tu ili wastani wake ufikie 100. Eric Hollies alimtoa bila mkimbio.

Wastani wa namna hii hujibu swali la *hu-*. Hujumlisha maisha yote ya mchezaji na, kwa hiyo, hubadilika polepole. Tuchukue mpigaji wa kufikirika mwenye mikimbio 4,000 baada ya kutolewa mara 80. Wastani wake ni 50. Akitolewa mara 10 zaidi kwa jumla ya mikimbio 134 tu, wastani wake utashuka hadi takriban 45.9, kiwango ambacho bado ni cha kuheshimika. Anayemtetea kwa kutaja 45.9 hasemi uongo, na anayemlaumu kwa kutaja 13.4 ya zamu hizo 10 naye hasemi uongo. Mmoja anajibu swali la mazoea, mwingine la kipindi.

4.0 Fomu na bahati

Hata hivyo, je, zamu chache zinatosha kuthibitisha kwamba fomu imepotea? Mwaka 1945 G. H. Wood alionyesha kwamba alama za wapigaji hukaribia mfuatano wa kijiometri, yaani alama ndogo hutokea mara nyingi hata kwa wapigaji hodari. Tukiufuata mfano huo, mpigaji mwenye wastani wa 40 atatolewa kabla ya kufikisha mikimbio 10 katika takriban zamu 22 kati ya kila 100. Uwezekano wa kushindwa hivyo katika zamu tatu mahususi zinazofuatana ni kama 1 katika 100. Basi katika zamu 200, mfululizo kama huo unatarajiwa kutokea yapata mara mbili, bila uwezo wake kupungua hata kidogo.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanao mfano wa karibu. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, Kenya iliishinda West Indies katika Kombe la Dunia. Kenya ilipata mikimbio 166. West Indies wote walitolewa kwa 93, na Maurice Odumbe alichukua wiketi 3 kwa mikimbio 15. Brian Lara alitolewa akiwa na mikimbio 8. Shabiki ambaye jioni ile angesema "Lara hapigi" angekuwa na ushahidi machoni pake. Siku 11 baadaye, mjini Karachi, Lara alipata mikimbio 111 dhidi ya Afrika Kusini katika robo fainali.

Francis Galton, katika karne ya 19, alieleza mwelekeo wa vipimo vya kupindukia kufuatwa na vipimo vilivyo karibu zaidi na wastani. Mwelekeo huu humpotosha mteuzi. Mchezaji anayekaripiwa baada ya matokeo mabaya kupita kiasi huelekea kufanya vizuri zaidi baadaye, na karipio hupewa sifa isiyostahili.

5.0 *Hakupiga* na *hajapiga*

Ukanushi wa wakati uliopita nao una la kutufunza:

(3) a. Hakupiga mia katika mfululizo ule.
 b. Hajapiga mia tangu mfululizo ule.

Sentensi (3a) inafunga habari. (3b) inaacha mlango wazi, kwani *-ja-* hubeba tarajio kwamba tendo lingali linaweza kutokea. Virat Kohli wa India alipata mia dhidi ya Bangladesh mwezi Novemba 1919+100, yaani 2019, kisha hakupata nyingine katika mechi za kimataifa hadi Septemba 2022, alipopata 122 dhidi ya Afghanistan mjini Dubai. Katika kipindi hicho chote, kila aliyesema *hajapiga* alikuwa amekwisha kukubali, pengine bila kujua, hoja ya kumsubiri.

Je, tarajio hilo lina msingi? Historia ya mchezaji huyohuyo inatoa majibu mawili. Mwaka 2014 nchini Uingereza alipata mikimbio 134 katika zamu 10 za Test. Wateuzi hawakumwacha, na katika mfululizo uliofuata nchini Australia alipata 692. Mwaka 2018 alirudi Uingereza na kupata 593. Kwa upande mwingine, wastani wake wa Test, ambao mwaka 2019 ulikuwa umepita 50, ulikuwa 46.85 alipostaafu mechi hizo Mei 2025. Safari hii kushuka kulikuwa kwa kweli. Kusubiri, basi, si kanuni. Ni dau linalohitaji hoja.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mjadala wa fomu una maswali matatu yanayovaa umbo moja la neno: mchezaji ana uwezo gani kwa kawaida, amefanya nini karibuni, na tutarajie nini kwake kesho. Wastani wa maisha hujibu la kwanza, alama za karibuni hujibu la pili, na la tatu halijibiwi na lolote kati ya hayo peke yake. Uteuzi wa timu unahusu swali la tatu.

Kiswahili hakimzuii msemaji kuyatenganisha maswali haya. Kinachotakiwa ni yeye kuutaja wakati anaoukusudia. Mteuzi anayeandika "hapigi" pembeni mwa jina la mchezaji angefanya haki kama angeongeza maneno mawili tu: tangu lini.