Konsoli ya mkononi ya michezo ya zamani

Konsoli ya mkononi ya michezo ya zamani ni kifaa kidogo cha kuchezea michezo ya video, chenye kioo, vitufe, spika na betri katika umbo moja, ambacho huuzwa kikiwa na michezo iliyokwisha kuwekwa ndani. Michezo hiyo kwa kawaida ni ile ya miaka ya 1980 na 1990, iliyotungwa kwa ajili ya mashine kama NES na Game Boy za kampuni ya Nintendo ya Japani, au Mega Drive ya Sega. Konsoli za bei nafuu za aina hii hutengenezwa kwa wingi nchini China. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, kwa mfano "400 kwa 1", ndiyo humvuta mnunuzi, lakini ndiyo pia inayomweleza machache zaidi kuhusu kifaa anachonunua.

Asili

Mwaka 1980 Nintendo ilianza kuuza Game & Watch, vifaa vilivyobuniwa na Gunpei Yokoi, vikiwa na mchezo pamoja na saa. Vilitumia kioo cha aina ileile ya vikokotoo. Toleo la Donkey Kong la mwaka 1982 ndilo lililoleta kitufe chenye umbo la msalaba, ambacho hadi leo hukaa upande wa kushoto wa karibu kila konsoli ya mkononi.

Game Boy ilitoka Japani tarehe 21 Aprili 1989. Kioo chake kilikuwa na nukta 160 kwa 144, vivuli vinne tu, na hakikuwa na taa. Mwaka 1990 Sega ilileta Game Gear yenye rangi na taa ya ndani, lakini ilimaliza betri sita kwa saa chache, ilhali Game Boy ilikwenda zaidi ya saa kumi kwa betri nne. Game Boy na mdogo wake Game Boy Color ziliuzwa jumla ya zaidi ya milioni 118. Yokoi alipenda kutumia teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, ila kwa njia mpya. Watengenezaji wa konsoli nafuu za leo wanafuata njia hiyohiyo, ingawa si wote wenye uangalifu wake.

Namba iliyo kwenye boksi

Ujanja wa namba ni wa zamani. Mwalimu yeyote aliyewahi kunyang'anya mwanafunzi kifaa cha Brick Game katikati ya kipindi ataukumbuka: boksi lilisema michezo 9999, na ndani mlikuwa na Tetris, nyoka, magari na mingine michache. Hesabu yake ni kuzidisha tu. Mchezo mmoja wenye kasi 10 na ngazi 10 huhesabiwa kuwa michezo 100. Ukiwa na michezo 10 ya namna hiyo, tayari umefika 1000.

Katika konsoli za "400 kwa 1" au "500 kwa 1" hali ni nafuu kidogo, kwa sababu mingi ni michezo halisi ya NES. Hata hivyo orodha hurefushwa. Mchezo uleule hurudi kwa jina jingine, au huanzia ngazi ya tatu badala ya ya kwanza, au mhusika hubadilishwa rangi na kupewa jina jipya. Mnunuzi aliye dukani asitazame ukurasa wa kwanza wa orodha pekee, kwa kuwa hapo ndipo michezo mizuri hupangwa. Afungue michezo mitatu au minne ya katikati na ya mwisho, ndipo ataona kama ni mipya au ni marudio.

Jambo jingine la kuuliza ni kama kifaa kinaweza kuhifadhi mchezo ulipofikia. Vingi vya bei ya chini kabisa haviwezi: ukizima, unaanza upya. Kwa mchezo wa dakika tano si neno, lakini mchezo wa safari ndefu hauchezeki hivyo.

Aina mbili

Konsoli nafuu zinagawanyika katika makundi mawili yasiyofanana kabisa, ijapokuwa kwa macho zinaweza kuonekana ndugu. Kundi la kwanza lina chipu moja inayofanya kazi ya NES nzima. Michezo yake imefungwa ndani na haiongezeki. Vitufe vya X na Y mara nyingi huwa vya mapambo, kwani NES ilikuwa na A na B tu; hapa hurudia kazi ya A na B kwa mbofyo wa harakaharaka.

Kundi la pili ni kompyuta ndogo zinazoendeshwa na mfumo wa Linux, kama Miyoo Mini na Anbernic RG35XX. Hizi hutumia emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, na hivyo kifaa kimoja huweza kucheza michezo ya NES, Game Boy, Mega Drive na hata PlayStation ya kwanza. Michezo hukaa kwenye kadi ya kumbukumbu. Bei yake ni mara kadhaa ya kundi la kwanza, na kwa maoni ya wengi tofauti hiyo ina maana. Kasoro ya kawaida ni kadi yenyewe: ile inayokuja na kifaa mara nyingi ni dhaifu na hufa ghafla. Ni vyema kunakili yaliyomo kwenye kadi nyingine ya kuaminika siku ileile ya kununua.

Kioo

Ukubwa wa kioo kwa inchi si kipimo cha kutosha. Idadi ya nukta ni muhimu zaidi. Chukua picha ya Game Boy, yenye nukta 160 kwa 144. Katika kioo cha 640 kwa 480, kila nukta inaweza kukuzwa mara tatu kamili, ikawa 480 kwa 432, na picha ikaenea vizuri. Katika kioo cha 320 kwa 240, kuikuza mara mbili kunatoa 320 kwa 288, ambayo inazidi kimo cha kioo. Hivyo mashine hulazimika kuikuza kwa sehemu, na nukta nyingine huwa nene kuliko wenzake. Matokeo yake ni herufi zenye miguu isiyolingana. Kwa michezo ya NES, ambayo picha yake ni 256 kwa 240, kioo hicho kidogo kinafaa bila kukuza chochote.

Vitufe na betri

Kitufe cha msalaba hupimwa kwa Tetris. Bonyeza kushoto mara nyingi mfululizo; tofali likishuka ghafla wakati hukubonyeza chini, kitufe ni kibovu na hakitajirekebisha.

Konsoli nyingi za kundi la kwanza hutumia betri ya umbo la BL-5C, ileile iliyokuwa kwenye simu nyingi za Nokia, ikiwemo 1100. Huu ni wema mkubwa kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, maana betri hiyo hupatikana kwa mafundi simu na hubadilishwa kwa ukucha. Ujazo wake ni takribani mAh 1020: kifaa kikitumia mA 200, kitadumu saa tano hivi. Betri iliyovimba isichajiwe tena wala kutobolewa. Baadhi ya konsoli zenye tundu la USB-C hukataa chaji kwa waya wenye USB-C pande zote mbili. Zijaribiwe kwa waya wa kawaida kabla ya kurudishwa dukani.

Hakimiliki

Emuleta yenyewe si kosa; mwaka 2000 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua hivyo katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix. Michezo ni jambo tofauti. Mingi iliyojazwa katika konsoli nafuu imenakiliwa bila idhini ya wenyewe, nayo bado inalindwa na sheria hata kama haiuzwi tena madukani. Zipo njia halali: Evercade, iliyoanza mwaka 2020, hutumia katriji zenye leseni, na wapo wapenzi wanaotunga michezo mipya ya Game Boy na kuigawa bure. Nintendo nayo ilitoa Game & Watch mpya mwezi Novemba 2020. Ina michezo mitatu.