Kabla ya Kununua Baiskeli Kuukuu

Mfanyakazi aliyechoka kugombea daladala kila alfajiri huweza kuvutiwa na baiskeli kuukuu ya gia, ile yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Zile za chuma za miaka ya 1970 na 1980 zaweza kudumu sana. Lakini rangi mpya isimlevye mnunuzi. Pengine imepakwa ili kuficha kidonda.

Ndugu msomaji, anza na fremu. Pitisha kidole chini ya bomba literemkalo kutoka penye usukani, karibu na foki. Ukigusa mkunjo, au rangi ikiwa na nyufa mahali hapo, yaelekea baiskeli ilipata kugonga kitu kwa mbele. Iache, hata ikiwa bei ni ya kutupa. Siku itakapokatika katikati ya magari, gharama haitakuwa ya fundi tena.

Gurudumu likiyumba kidogo si neno, spoki hukazwa. Mnyororo upime kwa rula: pingili 24 mpya zina urefu wa inchi 12, pini hadi pini. Zikizidi kwa sehemu moja ya nane ya inchi, umekwisha, na huenda meno ya gia nayo yamelika.

Kisha tairi, jambo lisahauliwalo na wengi. Rimu ya inchi 27 ina kipenyo cha milimita 630, ilhali tairi ya 700C ni ya milimita 622, haiingii. Muulize fundi wa mtaani kwenu kama anazo za inchi 27 kabla hujatoa fedha mfukoni.