Ujiti wa Ufagio na Hesabu za Mtoto Anayekua Mbio

Siku ninapokwenda soko la mji wetu wa Kalima kumtafutia mwanangu viatu, yeye namwacha kwa bibi yake. Mimi nabeba ujiti wa ufagio. Asubuhi, kabla hajachangamka na kuanza mbio zake, namsimamisha juu ya karatasi, nachora nyayo zote mbili, nachagua ule ulio mrefu. Napima kutoka kisigino mpaka ncha ya kidole gumba, naongeza upana wa kidole changu kidogo, kisha navunja ujiti hapo. Sokoni nautia ndani ya kiatu. Ukipinda, kiatu ni kidogo. Ukiteleza huku na huku, ni kikubwa. Ukilala sawasawa, hapo ndipo tunaanza kupatana bei.

"Mama, kamata hii kubwa, atakomaa nayo," muuzaji huniambia kila mara.

Maneno hayo kila mzazi ameyasikia, na mengi ya makosa yetu ya matumizi yanaanzia hapo. Kwa nguo, ni ushauri mzuri. Kwa viatu, ni hasara. Kwa nepi, ni hesabu nyingine kabisa. Mtoto anayekua haraka hawezi kununuliwa kila kitu kwa kanuni moja, na bei iliyoandikwa kwenye kitu haisemi mengi mpaka uigawe kwa miezi atakayokitumia.

Wangu ana miezi 18. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, vilivyotolewa mwaka 2006, mtoto wa kiume wa kawaida ana sentimita 76 hivi anapotimiza mwaka mmoja, na sentimita 88 hivi anapotimiza miwili. Sentimita 12 katika mwaka! Lakini uzito wake huongezeka kilo mbili na nusu tu, kutoka karibu tisa na nusu hadi kumi na mbili. Yaani anarefuka kuliko anavyonenepa. Ndiyo maana suruali inakuwa fupi miguuni wakati kiunoni bado inamtosha. Basi ukinunua suruali, iwe na mpira kiunoni na pindo nene chini. Pindo hilo fundi analifungua kwa dakika chache, na suruali inaishi miezi mingine minne au mitano.

Sasa ni Machi. Huko Ulaya ndio wakati ambapo baridi inalegea na wazazi wanagundua kwamba makoti ya watoto yamekwisha kuwa madogo. Kalima iko chini kidogo tu ya ikweta, hatuna baridi ya kuisha. Tuna mvua. Udongo mwekundu unashika kila kitu, kamba ya nguo haikauki kwa siku mbili, na mtoto aliyejifunza kutembea wakati wa kiangazi sasa anakimbia kwenye matope. Lakini majira ya wenzetu yanatufikia kwa njia ya robota la mitumba. Ndani yake kuna masweta mazito na suruali zenye bitana ambazo mtoto wa huku hatazivaa hata wiki moja. Muuzaji atakupunguzia sana. Usizichukue kwa sababu ya bei. Sweta moja jepesi la asubuhi ya mvua linatosha.

Katika mitumba kuna siri moja ndogo inayookoa fedha, nayo iko kwenye kile kitambaa kidogo cha shingoni. Nguo nyingi za watoto wa Ulaya zina namba 80, 86, 92 au 98. Hizo ni sentimita za urefu wa mtoto, si umri wala upana. Nguo za Kifaransa huandika miezi, lakini miezi hiyo ni ya mtoto wa wastani wa kule, na mara nyingi sentimita zimo pembeni kwa herufi ndogo. Mpime mtoto wako ukutani, weka alama ya mkaa, nenda sokoni na namba yake. Katika mwaka wa pili namba moja inamtosha kwa miezi sita hivi. Kwa hiyo mtoto wa sentimita 82 mnunulie 92 bila woga, kunja mikono, na atafika nayo karibu miaka miwili na nusu. Hapo muuzaji ana haki: atakomaa nayo.

Viatu havikunjwi. Unyayo wa mtoto wa umri huu hurefuka kama milimita moja hadi moja na nusu kwa mwezi, na namba moja ya viatu vya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita. Piga hesabu: kila baada ya miezi mitano hivi mguu unahama namba. Ukimpa nafasi ya kidole kidogo, yaani sentimita moja, umempa nusu mwaka. Ukimpa nafasi ya vidole vitatu, hujaokoa kitu, umempa mtego. Nilifanya kosa hilo kwa mkubwa wake. Nilimnunulia viatu vya ngozi vya namba mbili mbele, vizuri sana, vya gharama, nikajaza vitambaa puani. Alianguka navyo mlangoni akapasua mdomo. Mguu ulipofika namba ile, ngozi ilikuwa imekwisha kuoza kwa unyevu chini ya kitanda.

Tuseme sandali za plastiki ni faranga 6,000 na viatu vya ngozi vya mtumba ni 20,000. (Bei zote humu ni za mfano tu. Weka za soko lako, hesabu inabaki ileile.) Ngozi inaweza kudumu miaka miwili, lakini mguu utaiacha baada ya miezi mitano. Kwa hiyo unalipa 4,000 kwa mwezi kwa ngozi, na 1,200 kwa plastiki. Plastiki inaoshwa matope kwa kopo la maji na kukauka kabla ya uji kuiva. Ngozi ya mtumba, isitoshe, imekwisha kupinda kwa kufuata mguu wa mtoto mwingine. Mwenye mtoto wa kufuatia nyuma anaweza kugawa bei ya ngozi kwa wawili, na hapo tofauti inapungua, ingawa haiishi.

Wapo watakaosema: na pekupeku je, si bure? Ndani ya nyumba, juu ya sakafu safi, pekupeku ni bora kuliko kiatu chochote, mguu unajifunza kushika ardhi. Nje wakati wa mvua si bure. Minyoo ya safura huingia kwa kupenya ngozi ya mguu kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, kisha hunyonya damu tumboni. Mtoto anapauka, anachoka, hali chakula. Dawa ya minyoo, pamoja na vitamini A, hutolewa bila malipo katika kampeni za afya kwa watoto waliotimiza mwaka mmoja. Hiyo usiikose hata kama unatoka na mwavuli. Lakini haimlindi mtoto asiambukizwe tena wiki inayofuata.

Nepi ndizo zinazokula fedha kimyakimya. Zile za dukani sisi sote tunaziita pampasi, hata kama pakiti ina jina jingine. Bei yake haianzii Kalima. Bidhaa hufika kwanza mji wa Kindu kwa ndege, kwa reli ya kutoka kusini kupitia Kongolo, au kwa mto kutoka Ubundu, kisha zinapanda pikipiki kuja kwetu, karibu kilomita mia moja za njia ambayo mvua ya Machi inaigeuza uji. Kila aliyeshika mzigo ameongeza chake. Na kwa kuwa bidhaa za nje hufuata dola, hata mzigo uliokwisha kufika unaweza kupanda bei ukiwa rafuni.

Tuseme kipande kimoja ni faranga 500, na mtoto anatumia vitano kwa siku. Ni 2,500 kwa siku, 75,000 kwa mwezi. Angalia tena: kadiri mtoto anavyokua, pakiti ya bei ileile inabeba vipande vichache zaidi, kwa sababu kila kipande ni kikubwa. Usilinganishe pakiti kwa pakiti. Geuza, soma idadi, gawa.

Upande wa pili kuna vitambaa. Shuka la pamba lililochakaa linatoa vipande kumi au zaidi, na pamba iliyochakaa inanyonya kuliko mpya. Wakati wa kiangazi vipande 15 vinatosha kuzungusha. Wakati huu wa mvua unahitaji 24 au 25, maana vya jana bado viko kwenye kamba chini ya baraza. Sabuni, tuseme kipande cha 1,000 kwa siku mbili, ni 15,000 kwa mwezi. Mimi naongeza pampasi moja ya usiku, 15,000 nyingine. Jumla 30,000. Nabakiwa na 45,000.

Hata hivyo sitaki kudanganya kuhusu maji. Vitambaa vitano kwa siku, vikisuguliwa na kusuuzwa vizuri, ni ndoo mbili au tatu zaidi, na ndoo haziji zenyewe. Katika nyumba nyingi za Kalima anayezileta ni binti wa miaka kumi ambaye alipaswa kuwa na daftari mkononi. Kama akiba yako ya pampasi inalipwa kwa masomo yake, basi hiyo si akiba. Siku za mitihani yake mimi hununua pampasi na sijutii.

Kuna jambo jingine linalowaumiza wengi. Mchimbaji wa kasiteriti, mawe ya bati, halipwi mwisho wa mwezi, analipwa mawe yanapouzwa. Leo ana fedha, keshokutwa hana. Kwa hiyo nyumba yake inanunua pampasi moja moja kibandani, ambapo kila kipande kina bei kubwa kuliko cha pakiti. Mwenye kidogo ndiye anayelipa zaidi. Akina mama watano tulianza likelemba kwa ajili ya hilo tu: kila Jumamosi tunachanga, pakiti kubwa tunaigawa kwa vipande. Na dawa kubwa kuliko zote ni poti. Mtoto wa miezi 18 akikalishwa kila anapoamka na kila baada ya kula, vitambaa vitano vinashuka hadi vitatu kabla mwezi haujaisha.

Kinachookolewa nakihamishia kwenye sahani. Hapo ndipo sipendi kubana.

Uji wa boksi wenye sukari na picha ya mtoto mnene unauzwa kama fahari ya mzazi. Ndani yake kwa kawaida ni nafaka, sukari, na vitamini zilizoongezwa. Masoso, yaani unga wa mahindi, soya na mtama, hugharimu kidogo kwa kila sahani, na zaidi ya theluthi moja ya uzito wa soya ni protini. Unga wa muhogo hauna hata gramu tatu katika mia. Ugali wa muhogo unashibisha tumbo dogo la mtoto kabla mwili haujapata kitu, na hilo ndilo kosa la bei rahisi linalotugharimu zaidi huku kwetu. Mpe, lakini mpe na sombe (majani ya muhogo) iliyotwangwa na karanga, na samaki mkavu aliyesagwa. Viwavi vikavu pia, msimu ukiwapo: karibu nusu ya uzito wake, na mara nyingi zaidi, ni protini.

Yai moja lina gramu sita hivi za protini, na mtoto wa umri huu anahitaji kama 13 kwa siku. Biskuti za bei hiyohiyo hazimfikishi popote. Mafuta ya mawese, yale mekundu ya hapa hapa, hushinda mafuta meupe ya chupa kwa bei na pia kwa afya, kwa sababu wekundu wake ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini A. Kijiko kimoja kwenye uji, ukiwa umeshaepuliwa.

Karanga zinataka macho wakati wa mvua. Unyevu huleta sumukuvu, ambayo haifi kwa kukaangwa. Nunua zenye maganda ukiweza, menya mwenyewe, tupa zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu. Karanga za kupimiwa kwenye lile kopo tupu la maziwa ya Guigoz huonekana rahisi, lakini mwaga kopo moja mkekani uhesabu unazotupa, ndipo ujue umelipa kiasi gani. Na uzisage. Karanga nzima humkaba mtoto mdogo.

Maziwa ya unga kwa mtoto anayenyonya bado, siyanunui. Ushauri wa afya ni kunyonyesha mpaka miaka miwili na kuendelea, na ziwa halipandi bei pamoja na dola. Kigari cha kusukuma nacho nimekiona kimoja hapa mjini, magurudumu yamezama. Kitenge cha yadi mbili kilimbeba mkubwa, kinambeba huyu, na wakati hakimbebi mtu nakifunga kiunoni.

Juzi nilikata ujiti mpya. Ule wa Novemba nilikuwa nimeuchomeka kwenye ukingo wa dirisha, nikauweka kando yake mezani. Tofauti yao ni punje moja ya mchele. Sandali zake bado zina nafasi kidogo mbele, kama nusu ya upana wa kidole, kwa hiyo sijanunua. Nitapima tena mwezi wa tano, mvua zikianza kupungua.