Gunia la Julai, Njaa ya Februari

Watu wakifundishwa habari ya kubana matumizi, mara nyingi husikia habari ya sukari, soda na vocha za simu. Si maneno mabaya. Lakini kwetu sisi tukaao Mbulu na Hanang, nyumba haianguki kwa kijiko cha sukari. Huanguka ghalani, tena mwezi wa Julai, wakati kila mtu ameshiba na hakuna awazaye njaa.

Mwenye mshahara hupokea fedha kila mwezi na hutumia kila mwezi. Mkulima hupokea mara moja kwa mwaka, labda mara mbili kama ana vitunguu saumu au mbaazi. Lakini chumvi, sabuni na mashine ya kusaga vyataka fedha kila juma. Tena itazame kalenda. Mahindi yetu huvunwa Juni mpaka Agosti. Shule hufunguliwa Januari. Na kazi ya kupalilia, ambayo yahitaji watu wenye nguvu, huja miezi ile ile sakafu ya ghala inapoanza kuonekana.

Mimi ni karani wa parokia, na tarakimu ndiyo kazi yangu, basi mniwie radhi nikifanya hesabu kidogo. Tumchukue baba wa mfano mwenye watu sita nyumbani. Wakila unga kilo mbili kwa siku, kwa mwezi ni kilo 60, na kwa mwaka ni zaidi ya kilo 700. Hesabu wageni, panya na kuku, uandike magunia 8 ya kilo mia mia. Huyu amevuna magunia 12. Basi ana magunia 4 ya kuuza, na 8 ni chakula. Hana umaskini wa kutisha.

Lakini mwezi wa Julai anauza magunia 8, anabaki na 4. Magunia 4 humfikisha Desemba. Kuanzia Januari hana budi kununua mahindi yale yale aliyoyauza. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, gunia la Julai lilikuwa shilingi 50,000 na la Februari ni shilingi 90,000. Yale magunia 4 ya chakula yalimpa shilingi 200,000. Kuyarudisha kwamtaka shilingi 360,000. Amepoteza shilingi 160,000 wala mwizi hakuingia. Na kwa kweli atapoteza zaidi, maana Februari hanunui gunia. Hana fedha ya gunia. Atanunua kwa kisado, leo kimoja na keshokutwa kimoja, na mahindi ya kisado daima ni ghali kuliko ya gunia. Maskini hununua kwa bei kubwa kuliko tajiri; kila aliyesimama mnadani Dongobesh au Katesh mwezi wa Februari ameliona jambo hili.

Je, baba huyu ni mjinga? Wengi watasema ndiyo. Mimi nasema sivyo. Aliuza Julai kwa sababu alikuwa na deni, na deni lilizaliwa Januari. Alikopa kwa ajili ya sare, viatu na madaftari, akaahidi kulipa wakati wa mavuno. Mwenye fedha amjua Julai vema. Huja na magunia yake matupu kabla mahindi hayajakauka. Wengine huuza mazao yakingali shambani. Kule Bukoba desturi hiyo kwa kahawa huitwa butura, na serikali imeikataza, maana mwenye shamba hupewa fedha kidogo kwa kahawa ambayo bado iko juu ya mti. Kwetu haina jina, lakini ipo. Na ile mikopo ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu sina haja ya kuieleza, jina latosha.

Kwa hiyo njaa ya Februari na deni la Januari ni mduara mmoja, na mtu hawezi kuukata kwa kunywa chai bila sukari. Aukate wapi?

Kwanza, gharama za Januari zihamishwe. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ada haitozwi katika shule za serikali mpaka kidato cha nne, na hilo limewaokoa wengi. Lakini sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana shuleni vingali juu ya mzazi. Basi kwa nini sare inunuliwe Januari, wakati wazazi wote wa wilaya wamesimama mbele ya duka moja? Nunua Agosti, fedha ikiwa mkononi, ukubwa wa mtoto uongezwe kidogo, nguo iwekwe sandukuni. Mbuzi naye auzwe kabla ya Krismasi, watu wanapotafuta nyama. Usimngoje Februari, maana mwezi huo kila mwenye njaa ameleta mbuzi wake mnadani. Mbuzi hushuka bei wakati mahindi yanapanda.

Wenye vikundi vya kuweka na kukopeshana, vicoba na mfano wake, nina neno kwenu. Vikundi vingine hugawana akiba baada ya mavuno, siku ambazo kila mtu tayari ana fedha, nayo fedha huyeyuka katika sherehe. Wekeni mgawo mwisho wa Desemba. Fedha ni ile ile, lakini kazi yake itakuwa mara mbili. Tena kikundi kiandikishwe, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka.

Nimetaja sherehe. Kwa ukarani wangu naandika majina ya watoto wa kipaimara, nami naweza kusema ya kuwa hakuna ukurasa katika kitabu kile unaouliza mbuzi wangapi walichinjwa. Mengine nawaachia wazazi.

Neno la pili ni ghala lenyewe. Zamani mtu aliweza kuweka mahindi darini bila hofu kubwa. Lakini tangu dumuzi alipoingia nchini, akaonekana kwanza upande wa Tabora karibu na mwaka 1980, mahindi ya miezi sita yaweza kuwa vumbi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati. Watu wengi huuza Julai kwa kumwogopa yeye, wala si kwa deni. Dawa ipo, na mifuko ya kinga njaa ipo: mifuko miwili ya nailoni iliyo ndani ya mmoja wa nje, kila mmoja hufungwa peke yake kwa nguvu, na wadudu hufa kwa kukosa hewa. Mfuko ni ghali kuliko gunia la kawaida, lakini usipotoboka hutumika tena mwakani. Sharti mahindi yawe makavu. Tia punje katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, utikise, uache kidogo. Chumvi ikishika kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

Wala tusitegemee zao moja la fedha. Mwaka 2017 serikali ya India iliweka mpaka wa mbaazi zinazoingia nchini mwao, na huku Manyara bei ikaanguka vibaya. Waliolia sana ni wale waliouza mahindi yote wakitumaini kula fedha ya mbaazi. Nami hushangaa kuona nyumba yenye mbaazi gunia zima, na watoto wanakula ugali kwa mboga isiyo na mafuta. Mbaazi huliwa! Ziloweke usiku, asubuhi zitaiva upesi, na kuni zitapungua.

Wazee wa Kainam na Murray walilijua jambo hili kabla ya sisi kuwa na kalamu. Mashamba yao ni madogo, basi huchanganya mahindi, maharage na maboga katika shamba moja, na viazi vitamu hulima mabondeni palipo na unyevu, viwasaidie wakati wa ukame. Ng'ombe wao wengine huwekwa kwa ndugu na rafiki wa mbali, ili ugonjwa au ukame wa mahali pamoja usiwamalize wote.

Sasa mabwana, msikasirike. Katika nyumba nyingi ufunguo wa ghala uko kwa baba na sufuria iko kwa mama. Baba ajua bei ya gunia. Mama ajua gunia humalizika siku ya ngapi. Hesabu hizi mbili zisipokutana, ndipo lori huja Julai na kuondoka na chakula cha Machi. Kaeni wawili, tena kabla mfanyabiashara hajafika. Hesabuni vinywa, hesabuni miezi, kisha ndipo mseme habari ya kuuza.

Mwenye deni atasema: mwaka huu siwezi kuzuia magunia manne. Vema, zuia moja. Gunia moja la ziada laweza kumfikisha katikati ya Februari pasipo kukopa chakula, na mwakani lile deni litakalomngoja Julai litakuwa dogo, hata azuie mawili. Na yale madebe ambayo shule itayataka kwa chakula cha mchana cha watoto, yapimeni siku ile ile ya kupura, myaweke mbali na mengine, mwandike jina la mtoto juu ya mfuko kwa mkaa.