DUMA: KELELE ZA NAIROBI ZILIZOTOKA MLANGO MMOJA NA SINGELI

Leo tuipumzishe kidogo Bongo Fleva. Ukitaja hevi metali hapa uswahilini, mmoja atakwambia ni mambo ya Wazungu wenye nywele ndefu, mwingine atasema ni muziki wa shetani. Ngoja niwape habari za washikaji wawili wa Nairobi.

Bendi yao inaitwa Duma. Sisi tunamjua duma mnyama mwenye mbio, ila wao jina wamelitoa kwenye Kikikuyu, maana yake giza. Yote mawili yanawakaa, maana muziki wenyewe ni wa giza na unakimbia kinoma! Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, ndo mwenye sauti. Sam Karugu ni gitaa na midundo. Mwanzo walitokea kwenye bendi za metali za hapohapo Nairobi: Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Mwaka 2019 wakaungana.

Kwa ambao hawajui: hadikoo ni mtoto wa panki. Nyimbo fupi, kasi kubwa, mtu anafoka badala ya kuimba. Metali yenyewe inaleta magitaa mazito. Vilipochanganywa huko Uingereza miaka ya 1980 wakatokea watu kama Napalm Death. Kwenye albamu yao ya Scum ya mwaka 1987 kuna wimbo wa sekunde moja na ushee. Ukipepesa jicho umeisha!

Sasa Duma walileta nini kipya? Hawakuwa na mpiga drams. Bendi ya kawaida inataka drams, besi, spika kubwa, chumba cha mazoezi na majirani wenye roho nzuri. Hizo gharama mtoto wa Temeke anazijua. Wao drams wakazitengeneza kwenye kompyuta, na kompyuta haichoki mkono. Ndo maana midundo inapiga kama bati linalonyeshewa mvua ya mawe, halafu juu yake Khanja anapasua koo.

Hapo ndo wanapofanana na sisi. Pale Mburahati, studio ya Sisso, vijana walikaa na kompyuta wakakimbiza singeli mpaka mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Na mlango wa kutokea ukawa mmoja: lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala (msicheke, kwa Waganda ni ile hamu ya kucheza inayokushika ghafla). Mwaka 2017 lebo hiyo ilitoa Sounds of Sisso, mwaka 2018 ikatoa Poaa ya Bamba Pana. Duma nao wakaenda kurekodi Kampala 2019, albamu yenye jina lao ikatoka Agosti 2020, katikati ya korona. Majukwaa yalipofunguliwa wakaenda kupiga Ulaya.

Baadae Spikeheart akaanza safari ya peke yake. Mwaka 2024 alitoa The Adept chini ya lebo yake mwenyewe, Haekalu. Na hapa wale wa "shetani" wasikilize vizuri: albamu ile ameitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, bibi katika ukoo wake, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Field Marshal kwenye Mau Mau, aliyefariki 2023. Mtu anayemlilia bibi yake aliyepigana msituni, unataka aimbe kwa kubembeleza?

Kinachoniuma mimi ni kimoja. Kazi za Mburahati nilizikuta zinasifiwa kwa Kiingereza kabla sijamsikia mtu wa Mbagala akizisifu. Singeli tuliiita uhuni, metali tunaiita ushetani, halafu wageni wakishapiga makofi ndo na sisi tunakumbuka kwamba ni vyetu. Duma hawakusubiri redio wala mdhamini, walichukua kompyuta na koo.

Kama uko kafe sasa hivi, vaa hedifoni, tafuta wimbo wao Lionsblood, ila punguza sauti kwanza usije ukamshtua wa pembeni! Halafu rudi hapa utupe maoni yako. Ni muziki au ni kelele?