Kabla hujanunua betri mpya

Honi ililia vizuri na taa za mbele ziliwaka, lakini kila tulipopiga stata ilisikika "tak" moja tu, kisha kimya. Gari lenyewe ni Land Rover ya mjomba, Series II, lililoegeshwa chini ya mwembe hapa Goweko, si mbali na stesheni ya Reli ya Kati, ile iliyofika Tabora mwaka 1912. Waliokuwepo walishahukumu: betri imekufa. Mjomba alikuwa anajiandaa kupanda treni kwenda mjini kununua nyingine, kwa fedha aliyoiweka kwa ajili ya mbolea ya tumbaku.

Fundi umeme hakuigusa betri. Alisema, "Shikamoo mzee, hebu piga tena," akashika waya wa choki. Mkono aliutoa haraka. Waya ulikuwa wa moto.

Umeme wa gari hutoka kwenye betri na lazima urudi kwenye betri. Kwenda unapita kwenye nyaya; kurudi unapita kwenye bodi, chasisi na chuma cha injini. Njia hiyo ya kurudi ndiyo mafundi huiita ethi, ingawa gari halina habari na ardhi, limekaa juu ya mpira. (Telegrafu za zamani ndizo zilizorudisha umeme kwa kupitia udongo wenyewe, na waya mmoja juu ya nguzo ukatosha.) Sasa, injini imekalia raba ili mtikisiko usifike kwenye bodi, na raba haipitishi umeme. Kwa hiyo hufungwa mshipi wa shaba iliyosukwa kutoka injini au giaboksi hadi kwenye chasisi. Mshipi ukikatika, umeme mkubwa wa stata hutafuta uchochoro, na uchochoro wenyewe ni kijiwaya cha choki.

Mbona honi ililia? Taa ya wati 45 kwenye volti 12 hutumia kama ampea 4 tu, lakini stata inaweza kudai ampea 200. Kutu chini ya boliti ikiweka ukinzani wa omu 0.01, taa inapoteza volti 0.04, na hakuna jicho litakaloona tofauti. Stata inapoteza volti 2 nzima. Betri ngapi nzima zimetupwa kwa kosa hili! Inaniuma kila ninapofikiria.

Land Rover zina udhaifu wao zaidi. Zilipoanza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, bodi zikatengenezwa kwa aluminiamu juu ya chasisi ya chuma. Madini hayo mawili yakikutana na maji ya masika, aluminiamu huliwa na kuacha unga mweupe usiopitisha umeme. Taa za nyuma huumwa mapema: unakanyaga breki, taa ya indiketa nayo inafifia na kuwaka.

Na tafadhali, fundi uliyezoea magari ya siku hizi: Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifungwa chanya kwenye bodi, siyo hasi. Angalia kwanza waya mnene wa chasisi umeshikwa na nguzo ipi ya betri. Ukizigeuza kwa mazoea, dainamo na kidhibiti chake vinaweza kuungua.

Fundi wetu alichukua waya wa kuboosti, akaunganisha nguzo ya betri yenye ethi moja kwa moja na chuma cha injini. Stata ikazunguka kwa nguvu. Betri haikuwa na kosa.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya msasa. Alikwangua rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa, akafunga kipande cha waya wa mashine ya kuchomelea mahali pa mshipi uliokatika, akakaza boliti, ndipo akapaka grisi juu. Akaweka mita, ncha moja kwenye nguzo ile ile ya betri, nyingine kwenye injini, wakati stata inazunguka: volti 0.2. Ikizidi nusu volti, bado kuna kutu mahali.

Injini ilishika. Fundi akaukamata tena waya wa choki, akautulizia kiganja. Ulikuwa wa baridi. Mjomba alimlipa, akamwongezea chupa ya asali.